Ulikokuwa Unakwenda Kabla ya Kutoa Nozeli

Mtani wangu Sefu,

Barua huanza kwa kuulizana hali. Yako naijua, nilikuwa mmoja wa waliokushusha kaburini. Yangu si mbaya, ila mgongo unanisumbua kwa sababu siku hizi nainamia injini zako na bado nalala chini ya magari yangu. Basi tuyaache hayo, maana nina jambo la kukueleza na nikiendelea kulibana nitapasuka. Unanijua mimi. Nikikuta sufuria limefunikwa lazima nifunue nione kumepikwa nini, hata kama nyumba si yangu.

Nimejua ulikuwa unakwenda kufanya nini kule kijijini Munisagara.

Naam, usijifanye umelala! Ile safari yako ambayo nilikuuliza tangu tulipopiga mabati ya gereji yetu hapa Magomeni ya Kilosa, ukawa unanijibu kwa kucheka tu. Nimeijua. Na sikuijua kwa umbea wangu wa kawaida, niliijua kwa sababu ya mkeo. Subiri nikupeleke taratibu.

Wewe na mimi tuligawana gari. Kuanzia chasisi kwenda chini ni langu: breki, springi, bushi, matairi. Kwenda juu ni lako. Ulisema Msukuma akikabidhiwa injini atatafuta pa kuikamulia maziwa. Nami nikasema Msagara akikabidhiwa springi ataigeuza kitanda. Tukaenda hivyo mpaka watu wa Kilosa wakazoea, kelele ikiwa chini anaitwa Shija, ikiwa juu anaitwa Sefu. Kwa hiyo sikuwahi kujifunza kutoa nozeli. Nilikuwa nakuona tu.

Na nilichokuwa nakiona kilinitesa, Sefu. Gari la dizeli linakuja linamisi, injini inakatakata, asubuhi haliwaki mpaka lisukumwe, linatoa moshi mweusi mpaka majirani wanaanua nguo kwenye kamba. Unasema nozeli, hizo zinazonyunyiza dizeli ndani ya injini, zimechoka, zitolewe ziende Morogoro kwa watu wa pampu wakazipime. Sawa. Lakini nozeli ikikaa miaka kwenye tundu lake masizi yanaizunguka, yanakauka, inashikana na silinda hedi, kile kichwa cha injini, utadhani imezaliwa humo. Mafundi wengine hapo ndipo vita vinapoanza. Nyundo, patasi, wengine wanachomelea bolti juu yake wapate pa kuvutia. Wengi wamepasua silinda hedi za watu kwa mchezo huo, kisha wanakimbia mji.

Wewe hukupigana. Unabinua kabini mbele, injini inabaki wazi, unachungulia, unafungua hiki na kile, halafu unanigeukia. "Msukuma, hebu kaniletee chai kwa mama wa kona." Nikirudi na kikombe nakuta kabini imeshushwa, uko kwenye usukani, gari linanguruma. "Naenda Munisagara mara moja." Kufanya nini? "Kuna mtu ananisubiri." Basi. Unaondoka na chai yangu. Ukirudi unabinua kabini tena, unafungua vibano vinavyozishikilia nozeli, unashika moja unaizungusha kidogo, inatoka! Kwa mkono! Kama mtu anang'oa muhogo kwenye udongo wa kichanga.

Mimi nilikuwa najiambia gari limepata moto, chuma kimelainika. Lakini magari yaliyokuja yakiwa na moto wao kutoka Dumila hukuyaamini, nayo uliyapeleka Munisagara vilevile. Wengine mjini walisema una dawa. Mimi, kwa kuwa ni mtani wako, nilichagua maelezo yaliyonifurahisha zaidi, kwamba una mwanamke. Na wewe badala ya kukataa ulikuwa unapandisha nyusi. Ukawa unachochea kabisa. "Shija, leo kapika kuku." Nikikunusa hunuki kuku, unanuka dizeli.

Nimelala na swali hilo miaka mingapi, Sefu? Ungekuwa mtu mwema ungenijibu kabla ya kufa.

Basi ukafa. Siku chache tu za kifua, tukadhani utaamka, hukuamka. Mimi msibani nikafanya kazi ya mtani kama inavyotakiwa. Ninyi na sisi tunataniana tangu babu zetu walipokuwa wanapita hapa na misafara kwenda pwani, sasa nisingekuacha uende kimyakimya kama mtu asiye na watani. Nilivaa ovaroli lako lenye mafuta, nikatembea ule mwendo wako wa kusukuma tumbo mbele. Nikalala njiani jeneza lisipite, wakaninyanyua. Kisha nikapaza sauti uwanja mzima: "Jamani, nani kampelekea taarifa yule wa Munisagara?" Watu walicheka huku wanalia. Sheikh mwenyewe aligeuza uso. Niliwaona wanawake kwenye mikeka, na katikati yao mkeo, shemeji Zaina, mabega yanatikisika. Nikajua naye anacheka.

Nilipofika kwangu nikalivua lile ovaroli, nikalikumbatia, nikalia kwa sauti. Nakuambia wewe tu.

Halafu shemeji akaingia eda. Unajua mwanamke akiwa eda yuko ndani, hatoki ovyo, wanaume hatupiti kukaa kwake na kupiga soga. Nilikuwa namtumia unga na mkaa kupitia kwa dada yako, naletewa salamu za asante, nikadhani yuko salama. Kumbe mwenzangu alikaa humo ndani eda nzima na ule utani wangu. Usiku na mchana, peke yake, hana mtoto wa kuongea naye, maana nyinyi Mungu hakuwajaalia.

Eda ilipokwisha, alikuja gerejini. Nilifurahi kumwona, nikavuta lile benchi letu nikalifuta kwa tambara. Hakukaa.

"Shemeji Shija," akasema, "nataka kukuuliza jambo. Na usiniletee utani wenu."

"Uliza, shemeji."

"Yule wa Munisagara. Ana mtoto?"

Sefu, nilikosa pa kuweka mikono. Hakuuliza kama yupo. Hilo alishamaliza mwenyewe huko ndani. Nikaanza kucheka kile kicheko cha kipumbavu cha mtu aliyekamatwa, nikaona hacheki. Nikamwambia hakuna mwanamke, ni maneno ya watani tu, mumeo alikuwa anapenda masihara. Akaniuliza: "Sasa alikuwa anakwenda kufanya nini?" Nikaanza kufuta spana iliyokuwa safi. Maana kweli, ningemjibu nini? Mimi mwenyewe sijui, na nimeuliza kuliko yeye. Akasema, "Unaona?" Akasema kama kuna mtoto ana haki yake kwenye nyumba na kwenye hii gereji, na ni dhambi mtoto akae hajui kwamba baba yake amekufa. Kisha sauti ikashuka kabisa. "Na mimi nataka nimwone. Labda amechukua ile pua yake."

Nilimtazama nikashindwa kujua kama anaogopa mtoto yupo, au anaogopa hayupo.

Alikuwa tayari kwenda Munisagara mwenyewe, apite nyumba kwa nyumba akiulizia mwanamke wa fundi. Hebu fikiria aibu hiyo, mjane mtu mzima, anabisha hodi akitafuta mke mwenzake ambaye labda tulimzua mimi na wewe kwa kucheka! Nikamsihi anipe siku kidogo, nitamtafutia ukweli. Akakubali, lakini alivyonitazama aliona kabisa kwamba sina pa kuanzia. Na sikuwa napo. Mashahidi wa safari zako walikuwa wawili, wewe na magari, na wote hamsemi.

Sasa sikiliza. Hapa ndipo pananoga.

Ikaja Kanta, lori dogo, kutoka Mikumi. Mwenyewe anaitwa Baba Neema, anabeba vitunguu na nyanya, mtu mwenye haraka hata akiwa amekaa. Kanta inamisi, moshi mweusi mtindo mmoja. Tangu ufe, kazi za injini nilikuwa nazielekeza Mikumi kwa sababu barabara kuu ina mafundi wengi. Sasa Mikumi wamenirudishia! Akanieleza kwamba fundi wa kule alijaribu kuzitoa nozeli zote nne kutwa nzima, hazikutikisika hata moja, akaogopa kupasua silinda hedi, akazirudishia vibano vyake na kumwambia, "Kamtafute Sefu wa Kilosa." Habari za kifo chako hazijafika kila mahali. Nikamwambia Sefu hayupo. Baba Neema akashika kiuno, akasema silinda hedi ikipasuka atauza Kanta kama chuma chakavu na kurudi kulima.

Nilitaka kumfukuza kwa heshima. Lakini unanijua, sufuria limefunikwa. Nikasema hebu nibinue kabini nitazame tu, kutazama hakupasui kitu.

Nikatazama. Nozeli mbili za mbele zilikuwa na masizi mabichi, meusi, yanang'aa, yametapakaa kuzunguka shina. Mbili za nyuma kavu, zina vumbi na kutu ya zamani. Nikajiuliza, kwa nini? Zimekaa injini moja, zimekula dizeli moja. Nikafungua kibano cha nozeli ya kwanza, nikaishika nijue imeganda kiasi gani. Sefu, ikazunguka! Nilishtuka mpaka nikaiachia kama imeniuma. Nikaishika tena, nikainyanyua, ikatoka yote, na kile kipete chake cha shaba cha chini. Ya pili hivyohivyo. Baba Neema akapiga makofi, akasema, "Kumbe na wewe unaijua hiyo dawa!" Nikakaza uso kama najua ninachofanya. Nikaenda ya tatu. Wapi! Imekufa ganzi. Ya nne ndiyo kabisa, ningeweza kuning'inia juu yake.

Nilikaa kwenye tairi la akiba nikatafakari mpaka chai ikapoa. Gari limetoka Mikumi na nozeli nne zilizogoma. Limefika Kilosa mbili zimekubali. Njiani hakuna fundi aliyezigusa. Sasa nani amezitoa?

Nikampigia simu fundi wa Mikumi. Kijana mcheshi, akanipa na shikamoo yake, nikaitikia marahaba, nikamwambia aniambie ukweli bila kuogopa, zile bolti za vibano alizirudishaje. Kisha akasema, "Mzee, za nyuma nilizikaza kwa spana sawasawa. Za mbele spana ya bokisi ilikuwa inateleza, na mwenye gari alishaanza kupiga honi. Nilizigusa tu." Nikamshukuru mpaka akaona nimerukwa na akili.

Umeshanielewa nilipofika, au siyo? Pistoni inapopanda inabana hewa, moto unalipuka, nguvu yote ile inasukuma kwenda juu, na juu ndiko nozeli iliko. Kila mzunguko inapigwa kofi kutoka chini. Kibano kikikazwa, inapigwa lakini haina pa kwenda. Kibano kikilegezwa kidogo tu, inapata nafasi ndogo ya kucheza, masizi yanapasuka, na mwisho injini inaitema nozeli yake yenyewe. Yule kijana alizigusa tu za mbele, na barabara yote ya Mikumi mpaka Kilosa ikamfanyia kazi.

Nikakumbuka chai. Mungu wangu, chai! Kwa nini siku zote ulinituma chai muda uleule? Kwa sababu ulikuwa unalegeza bolti za vibano, nusu mzunguko, halafu unashusha kabini kabla sijarudi. Na Munisagara je? Ni mlima, barabara mbovu, gari linalia kwa gia nzito, injini inapiga makofi ya nguvu. Hukuwa na mtu. Ulikuwa unaipa injini mlima!

Nilicheka peke yangu, nikakutukana, nikacheka tena. Halafu nikakasirika. Kwa nini hukuniambia mimi? Tumekula sahani moja. Nimegeuza hilo kichwani mara nyingi na jibu nililolipata ni moja tu, kwamba ungeniambia, utani ungekwisha, na wewe ulikuwa unaupenda ule utani kuliko kunifundisha kazi. Kama nimekosea nirekebishe, nakusikiliza.

Lakini hayo yote yalikuwa mawazo yangu tu. Ningemwendea shemeji na mawazo? Angeniambia, "Watani mmekaa mkapanga." Nikaona nizijaribu zile mbili za nyuma, na nizijaribu yeye akiwepo. Nikazirudisha za mbele nikazikaza sawasawa, za nyuma nikazilegeza nusu mzunguko, nikijua kwamba nikikosea ninaiua Kanta ya mtu. Baba Neema nikamwachia benchi na chai. Nikaendesha mpaka kwenu, nikapiga honi.

Shemeji akatoka, akaiona Kanta. Nikamwambia, "Panda. Tunakwenda Munisagara." Akaingia ndani, akarudi na ushungi mwingine, ule wa kwendea kwa watu, akapanda akakaa kiti cha pembeni, mikono mapajani. Nikaona amejiandaa kukutana na mtu.

Kanta unaijua, injini iko chini ya makalio yenu. Tulipoanza kupanda ilianza. Chu. Chu. Chu-chu-chu. Shemeji akanyanyua miguu, akadhani gari linapasuka. Nikamwambia tulia, hiyo ni hewa inapenya kando ya nozeli, ndiyo nimekuleta usikie, na nikamweleza yote, kwa sauti kubwa juu ya kelele: masizi, vibano, chai, mlima. Alinisikiliza akitazama mbele. Nilipomaliza akasema tu, "Twende tufike."

Tukafika. Pale karibu na reli kuna mama mmoja mtu mzima anauza mihogo ya kuchemsha, ana benchi lake na miavuli miwili iliyochanika. Sikuzima gari. Nilishuka nikazunguka kumfungulia shemeji mlango, akashuka, akainama. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu." Akauliza vizuri, kwa upole, kama kuna fundi mmoja wa Kilosa alikuwa anakuja huku, mnene kidogo, anacheka sana.

Yule mama akaangua kicheko. "Hashuki!"

Tukamtazama.

"Sisi tulimwita Hashuki, jina lake hatulijui. Anakuja na malori ya watu yanalia chu-chu-chu, anageuza pale kwenye mti uliokatwa, anaondoka. Hashuki! Namwambia njoo ule muhogo, ananiambia mama nikizima hili haliwaki. Hata maji hajawahi kunywa hapa." Kisha akauliza yuko wapi siku hizi. Shemeji akamwambia, na yule mama akashika mdomo.

"Hana mtu wake huku?" shemeji akauliza, mara ya mwisho.

"Mtu gani, mwanangu, na mtu mwenyewe hashuki?"

Nilikuwa namtazama usoni, Sefu. Nilitarajia atapumua, atasema alhamdulillahi, mume wangu alikuwa msafi. Haikuwa hivyo. Uso wake ulijifunga taratibu kama mtu anafunga duka. Hapo ndipo nikajua alichokuwa anaogopa. Alishampa yule mtoto pua, labda na jina. Sasa sisi wawili, mimi na mama muuza mihogo, tumemwambia hayupo. Ukweli niliokuwa naukimbilia kwa furaha nikauona una upande mwingine, na sikuwa nimeufikiria hata kidogo. Akanunua mihogo, akashukuru, akapanda. Treni ya umeme ikapita kule juu kwenye daraja lake jipya, hakuigeukia. Njia nzima chini mpaka Kilosa injini ilikuwa inatema pumzi chini yetu.

Gerejini nikabinua kabini. Baba Neema kasimama, mimi nimesimama, shemeji kasimama pembeni na mihogo yake kwenye kanga. Nikafungua kibano cha nozeli ya tatu. Nikaishika. Ikazunguka. Nikamwita shemeji, nikamwambia njoo uitoe wewe. Akakataa, mikono itachafuka. Nikasema mikono ya Sefu ilichafuka hivihivi. Akasogea, akaishika kwa vidole viwili kama mtu anashika mkia wa panya, akavuta, ikatoka, imejaa masizi, bado ina joto. Akaitazama. Akaipeleka puani. Sijui alinusa nini humo, lakini machozi yakaanza, na hakuyafuta kwa sababu mikono ilikuwa myeusi. Ya nne aliitoa bila kuambiwa.

Baba Neema, maskini, hakujua kinachoendelea, akaenda kununua sabuni.

Tukabaki wawili. Nikaanza kujitetea, kwamba shemeji unaona, hakuna mwanamke, ulikuwa utani tu, mumeo alikuwa peke yake kwenye gari kila safari, na Mungu ni shahidi. Akanikatisha.

"Peke yake?"

"Peke yake, shemeji."

"Kile kiti nilichokaa mimi leo, hakikuwa na mtu?"

"Hakikuwa na mtu."

Akaigeuza ile nozeli mkononi. "Miaka yote hiyo. Anapanda mlima, anaona mto, anaona reli, anageuza, anarudi. Na mimi niko hapo nyumbani tu, mtaa wa pili, napepeta mchele." Akanitazama. "Mtoto, Mungu hakutupa. Sikumlaumu kwa hilo hata siku moja. Lakini kiti, Shija. Kiti alikuwa nacho."

Sefu, mimi mtu wa maneno nikatafuta cha kukutetea. Nilitaka kusema uliogopa nozeli isije ikaruka ikamdhuru. Nilitaka kusema magari hayakuwa yako. Nikaona ni uongo mtupu, kwa sababu ulinibebea mimi mbuzi wangu wa Krismasi kwenye malori hayohayo. Nadhani hukufikiria tu. Ulidhani kazi ni kazi, nyumbani ni nyumbani, na kwamba mtu aliye mtaa wa pili atakuwepo kesho. Mimi pia ndivyo nilivyodhani juu yako.

Nozeli zilikwenda Morogoro zikarudi, Kanta inawaka asubuhi kwa mguso mmoja, Baba Neema anatangaza gereji yetu barabara nzima ya Mikumi. Bado wananiuliza dawa yako ni ipi. Nawaambia kuna mtu ananisubiri Munisagara. Samahani, hilo nimelirithi.

Sasa pumzika, mtani. Masihara yangu umeyasikia ya kutosha, nami ukinikosea huko nitakuja kukudai. Ila nakuahidi hili moja, na naliandika kwa wino lisifutike: gari lolote likija nozeli zimegoma, nitalegeza vibano, nitashusha kabini, na kabla ya kushika njia ya mlimani nitapita kwako kumchukua shemeji. Na hata magari yote yakiwa mazima, nitampitia vilevile. Juzi alikuja kuniuliza kama ile Kanta ya Mikumi haijaharibika tena. Nikamwambia bado. Akasema si neno, aliuliza tu, na nilipotazama chini nikaona ameshavaa viatu vya safari.

Ni mimi,
Shija